Kura zilezile, washindi watatu: jinsi makundi yanavyochagua vipaumbele vya chuo kikuu

Kamati ya mipango ina wajumbe 15 na inatakiwa kuchagua jambo moja la kuongoza mpango mkakati wa miaka mitano. Mezani kuna mapendekezo matatu: utafiti, ufundishaji na majengo. Wajumbe 6 wanataka utafiti kwanza, ufundishaji wa pili, majengo mwisho. Wajumbe 5 wanaanza na majengo, kisha ufundishaji, kisha utafiti. Wanne waliobaki wanaanza na ufundishaji, wanafuatisha majengo, utafiti wanauacha mwisho.

Kila mjumbe akipiga kura moja, utafiti unashinda kwa kura 6. Kanuni ikidai mshindi apate zaidi ya nusu, wawili wa juu wanarudi kupigiwa kura: ufundishaji unatolewa, wafuasi wake 4 wanahamia majengo, na majengo yanashinda kwa 9 dhidi ya 6. Chaguo la kwanza likipewa alama 2, la pili 1 na la mwisho 0, utafiti unapata 12, majengo 14, ufundishaji 19. Hakuna mjumbe aliyebadili mawazo hata kidogo. Kilichobadilika ni namna ya kuhesabu.

Ndiyo maana swali la mbinu gani itumike haliwi la kuachiwa sekretarieti peke yake. Anayechagua kanuni ya kuhesabu ameshashika sehemu ya matokeo. Mjadala wenyewe ni wa zamani: Jean-Charles de Borda aliwasilisha mfumo wake wa alama mbele ya Akademia ya Sayansi ya Ufaransa mwaka 1770, na Condorcet mwaka 1785 akaja na hoja ya kulinganisha mapendekezo mawili mawili. Mwaka 1951 Kenneth Arrow alithibitisha kwamba machaguo yakifika matatu au zaidi, hakuna kanuni ya kupanga inayoweza kutimiza kwa pamoja masharti machache ambayo kila mtu angeyaona ya haki. Allan Gibbard mwaka 1973 na Mark Satterthwaite mwaka 1975 wakaonyesha kuwa kanuni yoyote ya kumpata mshindi mmoja kati ya watatu au zaidi, isipokuwa ile inayomwachia mtu mmoja kuamua kila kitu, ina mwanya wa mpiga kura kupata anachotaka kwa kuficha anachokipenda kweli.

Chuo kinachotafuta mbinu isiyo na dosari kitatafuta sana. Kinachowezekana ni kuchagua kanuni ambayo dosari zake zinajulikana, na kuitangaza kabla mapendekezo hayajaonekana.

Kwa nini vyuo vikuu hukwama zaidi

Mwaka 1972 Michael Cohen, James March na Johan Olsen walieleza taasisi ambazo malengo yake hayako wazi, namna ya kuyafikia haijulikani vizuri, na washiriki wa maamuzi huingia na kutoka. Mfano wao mkuu ulikuwa chuo kikuu. Katika mazingira hayo, walisema, suluhisho mara nyingi hutangulia tatizo: mtu ana mradi wake tayari, anasubiri tu kikao chochote apate pa kuutundika.

Aliyewahi kusoma mipango mikakati ya vyuo atatambua hali hiyo. Mamlaka yamegawanyika: seneti ina la kusema kuhusu taaluma, baraza la chuo linashika fedha na mali, vitivo vina wakuu wao, na hakuna chombo kimoja kinachoweza kumwamuru mhadhiri atafiti nini. Wajumbe ni wataalamu, lakini kila mmoja katika fani yake. Mkemia hana namna nyepesi ya kupima kama kituo cha sheria kinastahili fedha kuliko maabara. Basi wanapeana. Kila kitivo kinapata mstari wake, hati inatoka na vipaumbele 24, na kila mtu anarudi ofisini akiwa ametajwa. Hiyo ni funika kombe mwanaharamu apite, kwa sababu hati yenye vipaumbele 24 haimsaidii mkurugenzi wa fedha siku anapotakiwa kukata.

Kazi ya kundi ina sehemu tatu zinazohitaji mbinu tofauti: kukusanya mapendekezo, kuyapima, na kufunga uamuzi. Kosa linalojirudia kuliko yote ni kuzifanya zote tatu asubuhi moja, kwa mjadala wa wazi, mkuu wa chuo akiwa mwenyekiti.

Swali na watu, kabla ya mbinu

Swali "vipaumbele vyetu viwe vipi?" huzaa orodha ya matamanio. Swali linalofaa lina muda, lina mpaka na lina gharama ndani yake: "Katika miaka mitano ijayo, ni jambo gani chuo kikilifanya litabadilisha zaidi wanachopata wanafunzi wetu, hata kama fedha zake zitatoka katika shughuli tuliyo nayo sasa?" Kishazi cha mwisho ndicho chenye kazi. Kiondoe, utapata mapendekezo mengi zaidi, na mengi hayatakuwa na maana.

Kuhusu watu, orodha ya vyeo haitoshi. Garold Stasser na William Titus walionyesha mwaka 1985 kwamba makundi hujadili zaidi kile ambacho wajumbe wote tayari wanakijua, na taarifa iliyo kichwani mwa mtu mmoja mara nyingi haifiki mezani kabisa. Chuoni, taarifa za namna hiyo ndizo nzito: msajili anajua ni mwaka gani wa masomo wanafunzi wanaachia njiani, mhandisi wa majengo anajua paa lipi halitamaliza miaka mitatu, mkutubi anajua majarida gani hayafunguliwi na mtu. Dawa yake ni ya kawaida. Wiki mbili kabla ya kikao, kila mjumbe aandike ukurasa mmoja wa mambo ambayo ofisi yake pekee inayajua, bila mapendekezo. Kurasa hizo zisambazwe zikiwa zimeunganishwa. Mjumbe anayeshindwa kujaza ukurasa huo huenda hakupaswa kuitwa, ingawa ni vigumu kumwambia hivyo.

Kukusanya: kimya kwanza

Watu wakiambiwa watoe mawazo kwa sauti kwa pamoja, hutoa machache kuliko idadi ileile ya watu walioandika kila mmoja peke yake kisha wakajumlisha. Michael Diehl na Wolfgang Stroebe walipofuatilia sababu mwaka 1987, waliona kubwa ni ya kimuundo: mmoja akisema, wengine wanasubiri, na wakisubiri wanasahau au wanaliacha wazo lao. Chuoni ongeza tofauti ya vyeo. Mhadhiri msaidizi hatampinga profesa aliyemsimamia tasnifu yake.

Mbinu ya kundi la jina tu, iliyoelezwa na André Delbecq na Andrew Van de Ven mwaka 1971, inatibu mambo yote mawili. Watu wameketi meza moja lakini kwa sehemu kubwa ya muda kila mmoja anafanya kazi peke yake. Meza iwe na watu 5 hadi 9. Wakiwa 30, tengeneza meza nne. Swali linasomwa, kisha kila mtu anaandika kimya kwa dakika 10. Mwezeshaji asikubali mnong'ono wowote katika dakika hizo. Baadaye wanazunguka meza: kila mmoja anatoa wazo moja tu kwa zamu, linaandikwa kwenye bango kitita kwa maneno yake mwenyewe, mzunguko unarudi hadi mawazo yaishe. Hakuna kujibu wala kusifu. Kisha inafuata dakika 30 hivi za kufafanua, si za kutetea. Mwisho kila mtu anachagua mapendekezo 5 kwa siri, anayaandika kwenye kadi tano, na kuyapa alama kuanzia 5 kwa lile la kwanza hadi 1. Zoezi zima huchukua kati ya dakika 90 na saa mbili.

Kinachoharibika mara nyingi ni hatua ya kuunganisha mapendekezo yanayofanana. Mtu mwerevu ataunganisha utafiti, ubunifu na ushirikiano wa kimataifa kuwa sentensi moja, na sentensi hiyo itaongoza kwa kuwa hakuna anayeweza kuipinga. Upande wa pili, wazo moja likiachwa katika matoleo matatu, alama zake zinagawanyika na linaanguka wakati lina wafuasi wengi kuliko yote. Kanuni inayosaidia: mapendekezo mawili yanaunganishwa pale tu ambapo walioyatoa wote wawili wamekubali, na kila pendekezo liwe na kitenzi kimoja na kitu kimoja kinachotendwa. "Kuimarisha" na "kuboresha" visipokelewe, kwa sababu havisemi kitakachofanyika.

Matokeo yaonyeshwe kwa namba mbili, jumla ya alama na idadi ya watu waliolichagua pendekezo. Alama 20 zinaweza kutoka kwa watu 4 waliotoa 5 kila mmoja, au kwa watu 10 waliotoa 2 kila mmoja. La kwanza ni shauku ya wachache, la pili ni ridhaa ya wengi isiyo na joto, na chuo kinahitaji kujua kinashughulika na lipi.

Vile vibandiko vya rangi ambavyo watu huvibandika ukutani mbele ya kila jambo wanalolipenda ni vya haraka, lakini wa mwisho kubandika wanaona wa kwanza walibandika wapi. Ukivitumia, kila mtu aandike chaguo zake kwenye karatasi kwanza, kisha wote wainuke pamoja.

Delphi, kwa wasioweza kukaa meza moja

Mbinu ya Delphi ilianzia katika shirika la RAND la Marekani, kwenye miaka ya 1950, kwa utafiti uliofanyiwa Jeshi la Anga. Norman Dalkey na Olaf Helmer waliuchapisha mwaka 1963. Wataalamu wanajibu dodoso bila kujuana ni nani kasema nini, wanarudishiwa muhtasari wa majibu ya wote, kisha wanajibu tena wakiwa huru kubadilika.

Kwa vipaumbele vya chuo, dodoso la kwanza liwe na maswali machache ya wazi. Majibu yanachujwa kuwa kauli 20 hadi 40. Katika duru ya pili kila kauli inapewa alama kati ya 1 na 9. Duru ya tatu ndiyo moyo wa mbinu: kila mtu anapokea jibu lake mwenyewe, namba ya kati ya jopo, na mipaka ambamo nusu ya katikati ya majibu imeangukia. Aliye nje ya mipaka hiyo anaombwa abadilike au aandike sababu ya kubaki alipo. Sababu hizo zina thamani kuliko namba zenyewe. Pale mjumbe mmoja anapoandika kwamba ithibati ya programu fulani inaisha kabla mpango haujafika nusu, wenzake 20 wana la kufikiria.

Tarajia wiki mbili za kujibu na moja ya kuchambua kwa kila duru, yaani wiki tisa kwa duru tatu, na usiianze karibu na mitihani. Kigezo cha makubaliano kiandikwe mapema. Kimoja kinachotumika ni angalau asilimia 70 ya wajumbe watoe 7 hadi 9, na wasiozidi asilimia 15 watoe 1 hadi 3. Kikiwekwa baada ya majibu kufika, kitachongwa kulingana na majibu.

Hatari yake haionekani kirahisi. Katika kila duru kuna wanaoacha kujibu, na wanaoacha mara nyingi ni waliokwisha kuona jopo linaelekea kusiko kwao. Makubaliano yanapanda kwa sababu wapinzani wameondoka, wala hakuna aliyeshawishika. Kwa hiyo alika theluthi zaidi ya unaowahitaji, na mwishoni linganisha majibu ya duru ya kwanza ya waliobaki na ya walioondoka. Yakitofautiana sana, andika hivyo kwenye ripoti. Usiri nao una mipaka: katika chuo kidogo mwandishi hutambulika kwa mtindo wake, na kama anayekusanya majibu anaripoti kwa mkuu wa chuo, wajumbe wataandika kile ambacho mkuu wa chuo angependa kukisoma.

Kupima kwa vigezo

Orodha ikishafika mapendekezo 8 hadi 12, wengi hutumia jedwali la vigezo na uzito. Kila pendekezo lina mstari wake, vigezo viko juu, kila kigezo kina uzito wake na jumla ya uzito ni 100. Hesabu yenyewe ni rahisi mno, na hapo ndipo watu wanapoamini tarakimu kupita kiasi. Alama ya 4 ina maana gani? Isipoelezwa kwa maneno, mjumbe mkarimu na mjumbe bahili watatoa alama tofauti kwa hukumu ileile. Kwa kigezo cha uwezekano, kwa mfano, 1 iwe "hatuna watumishi wala fedha na hatujui zitatoka wapi", 3 iwe "watumishi tunao, fedha hatuna", 5 iwe "vyote viko ndani ya bajeti ya sasa". Pia angalia vigezo pacha: "hadhi ya kimataifa" na "machapisho" vikiwemo vyote, utafiti unahesabiwa mara mbili.

Uzito ukigombewa, uchambuzi wa ngazi wa Thomas Saaty, alioukuza katika miaka ya 1970, unaweza kutuliza ugomvi. Vigezo vinalinganishwa viwili viwili kwa kipimo cha 1 hadi 9, ambapo 1 ni usawa na 9 ni kimoja kukizidi kingine mbali kabisa. Vigezo 5 vinazaa ulinganisho 10, vigezo 7 vinazaa 21, na mapendekezo 12 yangezaa 66 kwa kila kigezo. Hapo wajumbe wanachoka na kuanza kubahatisha. Itumie kwenye vigezo tu, visizidi 6.

Faida yake kubwa ni kipimo cha mkinzano. Mjumbe akisema kigezo cha kwanza kinakizidi cha pili mara 3, na cha pili kinakizidi cha tatu mara 3, basi kwa mantiki cha kwanza kingekizidi cha tatu mara 9. Akisema 5, mkinzano ni 0.03, unavumilika. Akisema 3, unafika 0.12, juu ya kikomo cha 0.10 alichokipendekeza Saaty, na mjumbe anarudishiwa karatasi. Majibu ya kundi yaunganishwe kwa wastani wa kijiometri, yaani wa kuzidisha majibu badala ya kuyajumlisha, si wa kawaida, ili 3 ya mmoja na 1/3 ya mwingine zitoe 1. Udhaifu unaojulikana: Valerie Belton na Tony Gear walionyesha mwaka 1983 kwamba kuongeza pendekezo jipya, hata lililo nakala ya lililopo, kunaweza kubadili mpangilio wa yale ya zamani. Funga orodha kabla ya kuanza.

Wastani nao unaficha. Watu 5 wakitoa 9 na 5 wakitoa 1, wastani ni 5, sawa kabisa na kundi ambalo wote 10 wametoa 5. Kundi la kwanza limegawanyika, la pili halijali, na hatua inayofuata si ileile. Onyesha mtawanyiko kila mara, kisha jaribu uimara wa matokeo: ongeza na kupunguza kila uzito kwa pointi 10. Yale yanayobaki juu kila unapofanya hivyo ndiyo unayoweza kuyapeleka mbele ya seneti bila wasiwasi. Yanayopanda na kushuka yajadiliwe kwa maneno, kwani hesabu imeshasema yote iliyokuwa nayo.

Kufunga uamuzi

Kama ni kura, alama za Borda zinafaa kupanga orodha, na ulinganisho wa wawili wawili unafaa kuihakiki. Katika mfano wa mwanzo, ufundishaji unaushinda utafiti kwa 9 dhidi ya 6 na majengo kwa 10 dhidi ya 5, hivyo mbinu hizo mbili zinakubaliana. Zisipokubaliana, kuna mtu anayecheza na alama au kuna mgawanyiko halisi. Borda huchezewa kirahisi: unampeleka mshindani wako mkuu mwisho kabisa hata kama unamheshimu.

Maamuzi makubwa ya chuo, hata hivyo, hayasimami kwa kura ya 51 kwa 49, kwa sababu watekelezaji ndio haohao walioshindwa. Tunapendelea ngazi za ridhaa kuliko ndiyo na hapana. Kila mjumbe anaonyesha vidole kwa wakati mmoja: 5 naongoza utekelezaji, 4 naunga mkono, 3 nakubali, 2 nina shaka ninazotaka ziandikwe, 1 sikubaliani ila sitazuia, 0 ninazuia. Anayeonyesha 0 anadaiwa aseme pendekezo litavunja nini, yaani sheria, mkataba, ithibati au uwezo wa kulipa. "Sipendi" haitoshi. Hivyo kura ya turufu inakuwepo lakini ina bei. Mkuu wa chuo aonyeshe vyake wakati mmoja na wengine, au asiwepo kabisa katika hatua hiyo.

Hadidu za rejea ziseme wazi tangu siku ya kwanza kama kundi linaamua au linashauri. Kundi lililoambiwa linaamua, kisha baraza likabadilisha, halitakuja safari ijayo, na likija litakuja kujaza akidi.

Kubaki kwa kipaumbele kunategemea mishahara. Katika vyuo vingi sehemu kubwa ya bajeti ni watumishi walioajiriwa tayari, na fedha inayoweza kuhamishwa mwaka huu ni ndogo. Kipaumbele kinahama polepole, kupitia nafasi zinazoachwa na wanaostaafu na kuondoka. Kwa hiyo uamuzi uambatane na kanuni moja ya ajira: kila nafasi inayokuwa wazi inarudi kwenye kapu la chuo, na kitivo kinaiomba upya kwa kuonyesha inatumikia kipaumbele kipi. Bila kanuni hiyo nafasi zitajazwa kama zilivyokuwa, na baada ya miaka mitano chuo kitakuwa na sura ileile, isipokuwa jalada la mpango.

Kila kipaumbele kiwe na ofisa mmoja mwenye jina, namba ya kifungu chake kwenye bajeti, na shughuli inayosimamishwa au kupunguzwa kwa ajili yake. Vitatu hadi vitano vinabebeka. Kumbukumbu za kikao zihifadhi kadi za kura, uzito uliotumika, mtawanyiko wa alama na shaka za walioonyesha vidole viwili. Kamati itakayofanya mapitio katika mwaka wa pili ianze na hizo shaka, kabla ya kugusa ripoti za utekelezaji.